Ua Lililochanua Ndani ya Eda

Harufu ilikuja na adhana ya magharibi, kama jana, kama juzi. Mwanarusi aliisikia kabla hajamaliza kutawadha. Akaacha kopo ukingoni mwa birika, akakimbilia madirishani. Akafunga dirisha la kichochoroni, akafunga na la upande wa pili, akachukua kanga kuukuu akaisokomeza chini ya mlango wa ngazi. Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono yamchuruzika maji, moyo wampiga kama mtu aliyeiba.

Wala hakuwa ameiba. Alikuwa amefiwa.

Mumewe, Abdulhadi, alikuwa amezikwa mwezi wa tatu sasa, na yeye alikuwa ndani ya eda, juu kabisa ya nyumba ya wakwe zake, Kibokoni, Mji wa Kale. Mwanamke wa eda anajulikana alivyo. Hatoki, hatii wanja, hapaki hina, havai dhahabu, na zaidi ya yote hajitii manukato, hata tone. Mjane anayenukia ni mjane anayetafuta mume na kaburi la wa kwanza halijakauka. Ndivyo wanavyosema watu, na watu wakishasema hakuna sabuni ya kulisafisha neno lao.

Na chumba chake kilikuwa kikinukia. Kilinukia kama asmini iliyokamuliwa ndimu juu yake, harufu tamu, changa, ya kitandani mwa bibi harusi. Ilitoka penye uwazi mdogo nyuma ya chumba, pale hewa inapoteremka kutoka juu ya paa, na ilitoka kwenye kitu kisichozidi kiganja cha mkono kilichofungwa kwenye kipande cha mti. Mwaka wa nane huo tangu kiingie nyumba ile, na kwa miaka yote hiyo hakijawahi kutoa ua. Kimengoja mpaka bwana afe.

Hatua zilisikika ngazini. Mwanarusi aliivuta ile kanga chini ya mlango kwa kidole cha mguu, akakaa kitako juu ya mkeka kana kwamba hakuinuka tangu asubuhi.

"Hodi, wifi." Intisar hakungoja kuitikiwa. Alikuwa dada wa marehemu, mkaazi wa chini, na ndiye aliyekuwa akipandisha sinia ya chakula kila jioni kwa muda wote wa eda. Alisukuma mlango kwa nyonga, akasimama. "Mbona umejifungia hivi? Wafuga joto?"

"Mbu, wifi."

"Mbu." Intisar alivuta pumzi taratibu, pua imeinuka juu. "Mbu wa siku hizi wajitia marashi?"

Mwanarusi akatikisa kichwa. "Si marashi. Ni ule mmea. Umechanua."

"Mmea gani?"

"Ule wa marehemu. Wa hewa, usiotaka udongo. Uko pale nyuma."

Intisar aliweka sinia chini, akaenda hadi penye uwazi, akatazama. Palikuwa pashaingia giza. Alichoona ni vigogo vinavyoning'inia kwa uzi wa kuvulia samaki, na juu ya vigogo vitu vya kijivu vilivyojikunjakunja kama pweza waliokaushwa juani. Akacheka kwa pua.

"Hivi vikumbi vya nazi? Vikumbi ndivyo vinavyonukia hivi, mtaa mzima?"

"Sogea unuse, wifi."

"Ninuse wapi, na chumba kizima chanuka? Nitajuaje kinachonuka ni nini, au ni nani?" Aliurudia mlango, mkono mmoja kiunoni. "Asubuhi nitakuja na macho yangu. Kula, chakula kisipoe."

Kesho yake asubuhi alikuja. Ua lilikuwapo, jeupe, petali tatu zilizojipindapinda kingo kama lesi ya gauni. Intisar alilisogelea, akafumba macho, akavuta pumzi mara ya kwanza na ya pili. Halikuwa na harufu hata chembe. Mwanarusi alijua halitakuwa nayo, kwa kuwa siku zote tatu lilikuwa likiamka jua likitua na kulala kukipambazuka. Alijaribu kulieleza hilo, na kila neno alilolitoa lilisikika masikioni mwake mwenyewe kama uongo.

"Lo!" Intisar alisema. "Ua lenye saa! Sisi tuna mwadhini msikitini, wewe wako umemtundika nyumbani." Hakuwa akicheka tena. "Nimemwambia Hamid. Asema atakuja Ijumaa, baada ya laasiri. Haya mambo si ya kuzungumzwa na mimi."

Ndipo hofu ya kweli ilipomwingia Mwanarusi.

Hamid alikuwa kaka yao mkubwa, mwenye duka la vitambaa, anayekaa Tudor. Siku ya matanga, mbele ya wanaume waliojaa barazani, alikuwa amesema kwa sauti ya kusikika hadi ndani: "Shemeji yetu atakaa juu mpaka Mungu amchukue, maadamu ametulindia heshima." Wanawake walimbusu Mwanarusi kichwani, wakamwambia ashukuru, wangapi hutolewa na vyombo vyao siku ya arubaini. Naye alishukuru. Lakini lile *maadamu* lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo. Hakuwa na mtoto. Hakuwa na baba wala ndugu. Shule hakuiona ndani, kazi hakuwahi kufanya ila ya kumwuguza mtu. Na chini ya miguu yake alikuwako Intisar, mwenye mwana aitwaye Khubaib, na Khubaib alikuwa ameshaposa, na mahali pa kumweka mkewe hapakuwapo. Ila juu.

Juu huko kulijengwa na Abdulhadi. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Chini alipata Intisar, katikati Hamid, ambaye amepangisha, na Abdulhadi akapata paa tupu lililovuja. Bangili za harusi za Mwanarusi ndizo zilizogeuka kuta na madirisha. Hakuna aliyelitaja jambo hilo siku ya matanga. Yeye pia hakulitaja. Mwanamke anayehesabu mali kabla ya eda kwisha huitwa jina baya kuliko la anayenukia.

Abdulhadi alikuwa akifanya kazi Shimanzi, katika ghala moja la mizigo, kabla ugonjwa wa sukari haujamla mguu. Siku moja alirudi na mfuko wa karatasi. Kulikuwa na sanduku ambalo mwenyewe hakulifuata. Likafunguliwa, likakutwa limejaa majani makavu, na msimamizi akaamuru yatupwe. Abdulhadi akaona yale majani yana unga wa kijivu unaometa, akaokota yaliyojaa mkono.

"Nini hiki?" Mwanarusi alimwuliza.

"Sijui. Chaonekana kama wewe ukiamka."

"Na wewe ukilala wafanana na sanduku lenyewe."

Mwanarusi aliyapanda kwenye udongo, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Yakaoza, mawili ndani ya wiki moja. Alimwagilia mengine maji ya kisima cha mtaani, na maji yale yana chumvi. Majani yakakauka ncha, yakawa kahawia, yakafa. Moja aliliweka juu ya sinia ya shaba, kwa urembo, likafa bila sababu anayoijua, na alipoweka la pili juu ya ile ile sinia nalo likafa, akaelewa kwamba shaba ni sumu yao. Hivyo ndivyo alivyojifunza, kwa vifo. Alibaki na machache. Hayo aliyafunga kwenye vigogo kwa uzi aliouomba kwa wavuvi wa Liwatoni, akayaning'iniza pale penye hewa. Alikinga maji ya mvua mtungini. Kila baada ya siku kadhaa aliyatosa kwenye beseni, akayatoa, akayakung'uta, akayalaza kichwa chini mpaka yachuruzike, kwa kuwa maji yakikaa katikati moyo wa mmea huoza, na ukishaoza moyo huna tena cha kuokoa. Pepo za bahari zikivuma sana aliyapangusa chumvi jani kwa jani.

Abdulhadi alipokatwa mguu na kulala, alikuwa akimtazama akifanya hivyo. "Hayali, hayana mizizi, hayaombi," alisema siku moja. "Wallahi, laiti ningekuwa hivyo, usingechoka."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Mgongo wako."

Huyo ndiye mtu aliyemkosa. Na sasa ua lake, lile aliloliokota jalalani, lilikuwa likimtoa nyumbani.

Kumbe Intisar hakuishia kwa Hamid. Habari hiyo Mwanarusi aliipata Jumatano, dirishani. Ng'ambo ya kichochoro, mahali ambapo mtu akinyoosha mkono na mwenzake akinyoosha wake vidole hugusana, alikaa Maleka, Mbohora, mke wa mwuza misumari na bawaba, jirani wa miaka mingi. Walizoea kupitishiana bakuli za mchuzi juu ya vichwa vya wapita njia. Siku ile Maleka hakuwa na bakuli. Alisogeza uso kwenye nondo.

"Mwanarusi. Wasikia?"

"Nasikia."

"Wifi yako yuko pale dukani kwa mume wangu tangu saa ile. Ati kuna mtu apanda ngazi zenu magharibi watu wakiwa msikitini. Ati kwa ajili yake ndiyo wajitia mafuta mazuri."

Mwanarusi alishika ubao wa dirisha. "Mtu gani?"

"Mtu! Hana jina. Asiye na jina ndiye mbaya, huwezi kumwita akajitetea."

"Nawe wasadiki?"

"Mimi naisikia hiyo harufu hapa kitandani mwangu. Ningekuwa sikujui ningesadiki." Maleka alisema hivyo bila ubaya, na kwa sababu hiyo maneno yale yalimchoma zaidi. "Sikiliza, dada. Usiliguse hilo ua. Ndilo shahidi wako. Mwambie Hamid asije laasiri, aje magharibi, anuse mwenyewe, yaishe."

Lilikuwa shauri jema. Jioni, Intisar alipoleta sinia, Mwanarusi alikusanya nguvu akasema, "Wifi, nakuomba. Mwambie shemeji aje magharibi badala ya laasiri. Wakati huo ndio..."

Hakumaliza. Intisar alipiga kofi moja kubwa, akainua macho darini. "Subhanallah! Waja wa Mungu, sikilizeni! Mwanamke wa eda anaitisha mwanamume magharibi!"

"Sikusema hivyo..."

"Umesema kwa kinywa chako. Nitamfikishia kama ulivyosema, herufi kwa herufi."

Alishuka ngazi akirudia maneno yale kwa sauti, na kwenye ghorofa ya katikati mlango wa wapangaji ulifunguka. Mwanarusi hakula. Alikaa amejikunyata, akisikiliza nyumba. Kila ubao uliolia alidhani ni mtu anayekuja kumwambia afunge virago. Alijaribu kufikiri angekwenda wapi, fikira zikafika mlangoni zikarudi. Nje ya mlango ule hakuwa na hata ukuta wa kuegemea.

Na huku nyuma, ua la pili lilikuwa limefunguka. Siku ya Alhamisi likafuata la tatu. Yalikuwa mazuri kuliko chochote alichowahi kukilea, na yeye aliyatazama kama mtu anavyotazama moto unaoshika mapaa ya jirani.

Laasiri ya Alhamisi, hofu ilimpa shauri lake, na lilikuwa shauri lenye sura ya akili. Linalomshitaki ni nini? Ni harufu. Hamid atakuja kesho. Je, akichelewa hadi magharibi? Je, akipita leo bila kutazamiwa? Lakini harufu ikikoma leo, kesho litabaki neno la Intisar peke yake, na neno la Intisar Hamid alilijua tangu utotoni. Akachukua mkasi. Kwa haraka akakata na ncha ya jani. Ua la kwanza, la pili, la tatu, yakaanguka kiganjani, mepesi, hayana uzito hata wa nzi.

Sasa kuyatupa. Ndoo ya taka Intisar ndiye aliyeishusha, na siku hizi alikuwa akiipekua. Chooni aliona vibaya. Maua ya Abdulhadi hayaendi chooni. Dirishani yangemwangukia mtu kichwani. Alizunguka chumba kiganja kimefumba, jua likishuka, adhana i karibu, mpaka mikono yake ilipofanya yenyewe iliyofunzwa tangu utoto. Mikono ya mwanamke wa Mji wa Kale ikipewa ua jeupe haiulizi. Huinua kifuniko cha sanduku, ikalitia ua kati ya nguo. Mama yake alifanya hivyo kwa asmini na mkadi, na bibi yake pia, na yeye mwenyewe tangu awe mwari. Aliyasukuma chini, kati ya mikunjo, akafunga sanduku, akakaa juu yake.

Magharibi ile chumba hakikunukia. Intisar alipanda na sinia, akavuta pumzi, akatulia, akavuta tena. Uso ulimbadilika. Alishuka bila neno, na Mwanarusi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikula mpaka akabakisha mifupa.

Ijumaa alioga mapema. Shemeji anakuja; hata akiwa nyuma ya pazia, mtu huvaa safi. Alifungua sanduku, akatoa nguo nyeupe za eda, zile alizokuwa amezifua na kuzikunja mapema wiki ile, akavaa, akajitanda. Yeye hakusikia kitu. Mtu aliyelala ndani ya harufu siku nyingi pua yake husahau kuwa ipo.

Hamid alifika kama alivyosema, pumzi zikimpanda kwa ngazi. Pazia zito lilikuwa limetundikwa mlangoni, maana yeye si maharimu wake na hafai kumwona ndani ya eda. Intisar aliingia, akakaa upande wa ndani kama shahidi. Hamid aliwekewa kiti upande wa nje.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Waaleikum salaam, shemeji. Karibu."

"Watu wako hawajambo? Wewe hujambo? Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Mungu akupe subira. Nimekuja kwa..." Akanyamaza.

Mwanarusi alingoja. Nje ya pazia hapakusikika ila pumzi, ya mtu anayevuta ndani, polepole, kisha anavuta tena. Aligeuza macho akamwona Intisar. Intisar alikuwa ameinamisha shingo kuelekea kwenye mtandio wa mwenzake, tundu za pua zimetanuka, na usoni pake palikuwa pakichomoza kitu kama jua.

Ndipo Mwanarusi alipoinua upindo wa mtandio puani pake, kwa makusudi, kama mtu anayenusa nguo ya mgeni. Lile sanduku, usiku kucha limefungwa, na maua yakiamka humo gizani. Alikuwa amejivika. Kuanzia kichwani mpaka nyayoni, alikuwa ameivaa ile harufu.

Pazia huzuia macho. Halizuii harufu.

"Intisar," sauti ya Hamid ilikuwa imebadilika. "Hiyo yatoka wapi?"

"Kwake, kaka. Nguoni. Niko naye hapa, haihitaji hata kusogea."

"Ni maua!" Mwanarusi alisema. Sauti ilimtoka kubwa mno. "Ni maua, shemeji, niliyakata jana, nikayatia sandukuni, sikufikiri..." Alikuwa ameshafungua sanduku, anatupa nguo huku na huku, akaya­pata, akayapitisha chini ya pazia. Yalikuwa matatu, yamenyauka, yamegeuka rangi ya chai, yamejisokota kama nyuzi. Alisikia Hamid akiinama, akiyaokota, akiyanusa.

"Haya hayanuki kitu," Hamid alisema.

"Yanukia magharibi tu."

"Basi yangoje magharibi."

"Yamekufa, shemeji. Nimeyakata."

"Mbona umeyakata, ikiwa ndiyo yanayokutetea?"

Hilo ndilo swali, na jibu lilikuwa moja tu. "Kwa kuwaogopa nyinyi."

Kiti kililia. Kisha Hamid akasema, na hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesikitika, "Asiye na kosa haogopi, shemeji."

Intisar aliguna kuunga mkono. Mwanarusi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono iliyofunga kidonda cha ndugu yao kila asubuhi na wao wakipita na leso puani. "Asiye na kosa ndiye aogopaye," alisema. "Mwenye kosa huwa amejiandaa."

"Mimi si kadhi wa moyo wa mtu," Hamid aliendelea. "Lakini mtaa umesema, na nimenusa kwa pua yangu. Nilitoa neno langu mbele ya watu, nikalifunga kwa sharti. Utakaa eda yako hapa, hiyo ni haki yako, hakuna wa kukutoa. Ikisha, shemeji, utatafuta pa kwenda. Khubaib atahamia juu."

Hivyo basi. Lile alilokuwa akiliogopa tangu siku ya matanga lilikuwa limesemwa, kwa sauti ya upole, na mtu aliyevua viatu mlangoni. Mwanarusi alingoja aanguke.  Na katika kungoja huko lilimjia neno moja, halikuwa lake, lilikuwa la Hamid mwenyewe, dakika hiyo hiyo: haki. Kwa miezi mitatu alikuwa ameishi kwa hisani. Hisani ina sharti, na sharti lina pua. Sasa hisani imeondolewa. Haikubaki ya kumnyamazisha.

"Shemeji," alisema, "nimesikia. Na mimi nina neno. Marehemu hakuacha mtoto. Mke wa mtu asiyeacha mtoto ana robo. Robo ya kila alichoacha, na alichoacha ni hapa tulipokaa."

Intisar aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Wamsikia! Hata eda haijesha!"

"Na kabla ya robo," Mwanarusi akasema, akishika mkeka kwa vidole vyake vyote, "kuna deni. Kuta hizi ni bangili zangu. Fundi aliyejenga yu hai, na sonara aliyezinunua yu hai, na Maleka wa ng'ambo alinishika mkono siku nilipozivua. Eda ikisha nitakwenda kwa kadhi. Sitakwenda kulia kuwa nimeonewa, wala kuwa nimesingiziwa mwanamume asiye na jina. Nitakwenda na shuhuda zangu, na yeye wifi alete huyo mtu wake."

Hamid aliinuka. Kiti kilisogea. Hatua zake zilishuka polepole, na za Intisar zikamfuata kwa haraka, akinong'ona, na mlango wa katikati ukafunguka na kufungwa.

Jioni ile sinia haikuja.

Mwanarusi hakushangaa, ila aliogopa zaidi ya alivyoogopa mbele ya pazia. Alikuwa amesema maneno ambayo hayarudi kinywani. Alikuwa peke yake juu ya nyumba ya watu aliowatia hasira, haruhusiwi kutoka, na ufunguo wa mlango wa barabarani ulining'inia kiunoni mwa Intisar. Alikunywa maji ya mvua kutoka mtungini. Siku ya pili sinia haikuja pia, na dirisha la Maleka lilikuwa limefungwa. Akafunga kamba kwenye kikapu, akakiteremsha dirishani, akakaa akiishikilia ile kamba, hajui ni mkono gani utakaoigusa huko chini. Ilivutwa mara mbili. Alipokipandisha kilikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai.

"Polepole na chupa, yavuja," sauti ya Maleka ilisema kutoka chini. Kisha, kwa sauti ya kusikika mtaa wote: "Na ule mti wako ukitoa watoto nataka mmoja! Nami nataka kusingiziwa bwana!"

Mtu alicheka kichochoroni. Mwanarusi hakuweza kucheka, lakini alikula.

Siku ya nne Hamid alirudi, peke yake. Hakuketi. Alisimama chini kidogo ya mlango, kwenye giza la ngazi, na alipobisha alibisha kwa kucha, kama mtu asiyetaka kusikika na wa chini.

"Shemeji. Yale ya kadhi."

Mwanarusi alisimama nyuma ya pazia.  Hakujua kama amekuja kwa heri au amekuja kupeleleza shuhuda zake wanapatikana wapi, na kwa namna Hamid alivyokuwa akipumua hakujua kama yeye mwenyewe Hamid alijua.

"Hatuhitaji kufika huko," Hamid alisema. "Sisi ni nyumba moja. Khubaib anaweza kupanga mahali. Tukae, tuzungumze, mimi na wewe, leo hii, yaishe."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mwili wake wote ulitaka kusema ndiyo, ushukuru, uombe radhi, ulale. Alilishika pazia kwa mikono miwili, akangoja mpaka alipokuwa na hakika sauti haitamsaliti.

"Eda ikisha, shemeji," alisema. "Sasa hivi mimi nina eda."